Nafasi Moja Kabla ya Nyota

Katika dakika ya 11 ya rekodi, mzee wa Tumbe, kisiwani Pemba, anaeleza namna ya kusuka mlango wa dema, ule mtego wa samaki unaosukwa kwa fito. Kinasa sauti kipo karibu naye, hata pumzi zake zinasikika, na nyuma yake kuna kuku na mtoto anayeitwa akaoge. Anasema: "Sasa hapa ndipo wanapokosea wengi, kwa sababu ukiufanya mlango mpana samaki atatoka, na ukiufanya mwembamba hatoingia. Basi wewe unachukua ule ufito wa..."

Hapo sauti yake inapotea na unakuja mvumo mkali, mfano wa mvua kubwa inayopiga juu ya bati. Mvumo unadumu kwa sekunde 34. Unapokwisha, mzee anamalizia: "...na hapo hatoki tena."

Sekunde hizo 34 zimeninyima usingizi kwa wiki tano.

Siku ile haikunyesha mvua. Ninajua kilichomo ndani ya mvumo ule, ninajua kiliingia usiku gani, na ninajua kwamba aliyekiingiza ni mimi.

Usiku wenyewe

Ilikuwa baada ya Isha, nyumbani kwangu Chake Chake. Katika kompyuta yangu mpakato, inayotumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, nilikuwa na kabrasha lililoitwa kazi, na ndani yake mlikuwa na rekodi 62 za wavuvi na mafundi wa dema, nilizozikusanya kwa miaka mitatu Tumbe, Msuka na Kojani kila skuli zilipofungwa. Pembeni ya rekodi hizo kulikuwa na kabrasha dogo liitwalo majaribio, lenye vipande nilivyokuwa nikivikata ili nijifunze kusafisha sauti. Diski ilikuwa inakaribia kujaa, nikaona niviondoe vile vipande.

Nilikusudia kuandika `rm -r majaribio/*`. Nikaandika `rm -r majaribio/ *`.

Tofauti yake ni nafasi moja kabla ya nyota. Bila ya nafasi hiyo, nyota inamaanisha kila kilichomo ndani ya majaribio. Ikiwepo, amri inasomeka kuwa ni mambo mawili: ondoa kabrasha la majaribio, kisha ondoa kila kitu kilichopo hapa ulipo. Kompyuta haikuuliza, kwa sababu amri hiyo haina desturi ya kuuliza isipokuwa umeitaka iulize, wala haikupeleka chochote kwenye kapu la taka, kwa sababu kapu hilo hutumiwa na dirisha la mafaili, na amri ya `rm` haipiti huko. Nilichokiona ni kwamba kazi ya kufumba na kufumbua ilichukua muda wa pumzi mbili tatu. Nikaandika `ls` kutazama kilichobaki.

Hapakuwa na kitu.

Nitasema kweli kuhusu kilichofuata, kwa kuwa ndicho kilichonisumbua zaidi kuliko ile nafasi. Kosa la kidole humfika kila mtu. Ila baada ya hapo nilikuwa na dakika 40 za kufanya jambo kwa hiari yangu, na katika dakika hizo nilifanya mambo mawili.

Kwanza, nilifunga programu ya kusikilizia. Rekodi ya mzee wa Tumbe ilikuwa imefunguliwa katika VLC, nimeisimamisha katikati nikapate chai. Nilipoona kabrasha li tupu, mikono ikitetemeka, nilifunga kila dirisha lililokuwa wazi, kana kwamba nafanya usafi kabla ya kuanza kazi kubwa.

Pili, nilifungua kivinjari nikaanza kutafuta msaada kwenye kompyuta ileile. Nilisoma kurasa nyingi. Nilitazama video ya dakika 12. Nilipakua programu ya kuokolea mafaili na kuiweka kwenye diski ileile ambayo mafaili yalikuwa yamepotea.

Neno "kufuta"

Fundi niliyempelekea kompyuta asubuhi yake ni kijana anayetengeneza simu na kompyuta si mbali na soko. Hakuigusa. Alinitaka kwanza nikae, nimhadithie mwanzo hadi mwisho, na kila nilipotaka kuruka jambo alinirudisha nyuma.

Nilipomwambia kwamba nimefuta mafaili, alisema: "Maalim, hujayafuta. Umeyavua majina."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Sisi tuliosoma Kurani chuoni kwa ubao tunajua kufuta ni nini: unachukua maji na kitambaa, unapitisha, na aya ya jana imeondoka ili ya leo iandikwe. Neno hilohilo tumelipeleka kwenye kompyuta, nalo limetudanganya, kwa sababu diski haioshwi. Katika Linux, jina la faili halikai pamoja na faili lenyewe. Jina limeandikwa katika kabrasha, na mbele yake ipo namba tu. Namba hiyo inaelekeza kwenye kitu kiitwacho inodi, na inodi ndiyo inayojua ukubwa wa faili, mwenyewe ni nani, liliguswa lini, na vipande vyake vimelala wapi katika diski. Amri ya `rm` inaondoa jina kwenye kabrasha, na hesabu ya majina katika inodi inapungua. Hesabu ikifika sifuri, mfumo unaandika kwamba sehemu zile za diski zi wazi na anayezitaka azitumie.

Sauti ya mzee, kwa hiyo, ilikuwa bado imelala palepale. Ilichopoteza ni jina na haki ya kukaa.

Sina hakika kama lugha nyingine zinaweza kulisema hili kwa neno moja, ila Kiswahili kinaweza: rekodi zilipoteza nafasi zao. Nafasi ni ule uwazi baina ya herufi, na ni mahali pa kukaa, na ni fursa. Nafasi niliyoiandika kabla ya nyota iliziondolea rekodi 62 nafasi zao katika diski, na kuanzia hapo nafasi ya kuziokoa ilikuwa ikipungua kila kompyuta ilipoandika kitu kipya, na kompyuta iliyowashwa huandika wakati wote hata ukiiacha peke yake.

Mkono uliokuwa umeshika

Kisha fundi akauliza kama kulikuwa na programu yoyote iliyokuwa imefungua mojawapo ya mafaili yale.

Nikamwambia juu ya VLC, na kwamba niliifunga.

Alinyamaza kidogo. Akanieleza kwa upole, nami namshukuru kwa upole ule, kwamba kuna hesabu mbili. Moja ni ya majina, nyingine ni ya programu zilizoshika faili. Hata jina likishaondoka, faili linabaki zima, na sehemu zake za diski hazitolewi kwa mwengine, maadamu ipo programu moja iliyolishika. Unaweza kuingia katika `/proc`, kabrasha la mfumo linaloonesha programu zinazoendelea, ukatafuta namba ya programu hiyo, ukaingia katika kabrasha la `fd` lililo chini yake, na faili utalikuta huko likisubiri kunakiliwa. Ukitaka kujua yako mangapi ya namna hiyo, amri ya `lsof +L1` inakuorodheshea mafaili yasiyo na jina ambayo bado yameshikwa.

Rekodi ya mzee wa Tumbe ilikuwa imeshikwa. Ilikuwa nzima, dakika zake zote 23, baada ya kufutwa. Ningeliacha dirisha lile wazi, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Nililifunga mwenyewe.

Kwa nini ramani ilipotea

Nilimuuliza kwa nini Linux isiwe na amri ya kurudisha, kama ipo ya kuondoa. Jibu lake lilinipeleka kusoma kwa siku kadhaa.

Zamani ilikuwa rahisi zaidi. Mfumo wa mafaili wa ext2, wa mwaka 1993, ulipoondoa faili uliacha ndani ya inodi ramani ya mahali vipande vilipo, hivyo aliyewahi mapema aliweza kuifuata ramani hiyo. Mwaka 2001 ukaingia ext3 katika Linux, wenye daftari la matukio: kabla ya kubadilisha jambo, mfumo unaandika kwanza katika daftari unachokusudia kukifanya, ili umeme ukikatika katikati, ukirudi uendelee pale ulipokomea badala ya kukuta diski imevurugika. Na ili kuondoa faili kuwe salama hata umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ext3 unazijaza sifuri zile alama za ramani ndani ya inodi. Mfumo wa ext4, ambao umekamilika tangu mwaka 2008 na ndio uliokuwamo katika kompyuta yangu, nao hauachi ramani nyuma.

Hili liligusa moyo wangu kwa namna nisiyoitarajia. Nimeishi Pemba maisha yangu yote, na sihitaji kumweleza mtu wa huku maana ya umeme kukatika. Kompyuta yangu imezimika ghafla mara nyingi, na kila mara imeamka na mafaili yangu yote salama. Tabia ile iliyonilinda miaka yote ndiyo iliyoondoa ramani usiku ule. Nilipofika kwa fundi nilikuwa nimekasirishwa na mfumo. Nilipoyasoma haya, hasira ikaondoka, na ikabaki huzuni tupu isiyo na wa kulaumiwa isipokuwa zile dakika 40.

Zipo programu, kama extundelete na ext4magic, zinazopekua daftari lile la matukio zikitafuta nakala ya zamani ya inodi kabla haijasafishwa. Fundi alijaribu. Daftari lina ukubwa maalumu na linaandikwa kwa kuzunguka, la mwisho likija juu ya la mwanzo. Dakika zangu 40 za kivinjari, video na kuweka programu zilikuwa zimeshalizungusha. Tulipata majina ya mafaili matatu, na yote matatu yalikuwa maandishi.

Kutafuta bila ya majina

Ilibaki njia ya mwisho, nayo ni ya kuacha kutafuta majina kabisa.

Fundi aliiwasha kompyuta kwa fleshi yenye Linux yake, ili diski yangu isiandikwe hata herufi moja, kisha akaichukua diski nzima, gigabaiti 500, nakala baiti kwa baiti kwenye diski ya nje. Kazi hiyo ilianza baada ya Alasiri na ilikwisha tumeshasali Isha. Alikataa katakata kufanya lolote juu ya diski yenyewe. Kila jaribio lilifanywa juu ya nakala.

Alinionesha pia jambo ambalo sikulijua: diski yangu ilikuwa ya zamani, ile ya sahani inayozunguka. Ingekuwa ya SSD, ile mpya isiyo na sahani, Ubuntu ingeiambia mara moja kwa wiki ni sehemu zipi zimeachwa wazi, na diski yenyewe ingezisafisha, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Kompyuta niliyoinunua kwa sababu sikuwa na fedha ya kununua mpya ndiyo iliyohifadhi sauti za wazee.

Programu aliyoitumia ni PhotoRec, iliyoandikwa na Christophe Grenier, ambayo licha ya jina lake haiishii kwenye picha. Haisomi makabrasha wala inodi. Inapita juu ya diski kama mtu anayetembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, akiokota kwa kutazama umbo la kitu. Faili la sauti la WAV huanza kwa herufi RIFF, baada yake huandikwa ukubwa wa faili, kisha WAVE. PhotoRec ikikuta alama hizo inajua kwamba hapa inaanza sauti, na inajua ni ndefu kiasi gani. Kama faili lililala mfululizo, linatoka zima. Kama lilitawanyika vipande vipande, unapata mwanzo wake na mchanganyiko wa vitu vya wengine.

Zilitoka rekodi 53. Tisa hazikuonekana kabisa.

Hazikuwa na majina. Kila moja iliitwa kwa herufi f na tarakimu nyingi, namba ya mahali ilipoanzia katika diski. Jina la mzee, kijiji, tarehe, vyote nilivyoviandika kwa uangalifu kwa miaka mitatu, vilibaki upande wa pili wa ile nafasi.

Karibu sekunde sita

Rekodi ya mlango wa dema ilikuwa miongoni mwa zile ambazo PhotoRec ilizikatisha njiani. Fundi akaichukua ile namba ya mwanzo, akasoma ukubwa ulioandikwa baada ya RIFF, akaikata kwa mkono kutoka kwenye nakala ya diski. Ilikuwa na dakika 23 kamili. Tulipoisikiliza, tukaufikia ule mvumo.

Aliponieleza maana yake, nilitoka nje nikasimama barazani.

Faili la WAV halibani sauti. Rekodi zangu zilihifadhi vipimo 44,100 kwa kila sekunde, kwa njia mbili, kila kipimo baiti mbili, yaani baiti 176,400 kwa sekunde moja. Ukiandika kitu kingine juu ya sehemu hiyo, kiwe picha au kipande cha video, msikilizaji hapati ukimya. Baiti zile zinachezwa kama sauti, na sikio linazipokea kama mvumo. Megabaiti moja ni karibu sekunde sita. Sekunde 34 ni takriban megabaiti sita.

Megabaiti sita ni kurasa chache tu za intaneti zenye picha.

Sijui ni ukurasa upi. Huenda ni ule ulioandika, kwa herufi nzito, kwamba usiitumie kompyuta yako tena baada ya kufuta mafaili. Niliusoma hadi mwisho, kwenye kompyuta ileile.

Wiki tano nilijiuliza kama ningeweza kufanya vyengine. Jambo lililotakiwa usiku ule lilikuwa dogo sana: kuliacha lile dirisha wazi, au, kama sikuwa na ujuzi wowote, kuizima kompyuta na kwenda kulala. Lakini mtu aliyepoteza kitu hutafuta, na kutulia huku kitu kinapotea kunahesabika kuwa uzembe. Mtoto akipotea sokoni hatumwambii mama yake akae. Sikuwa na mfano wowote katika maisha yangu wa kitu ambacho kukitafuta ndiko kunakokiua.

Kurudi Tumbe

Nilikuwa na sauti 53 zisizo na wenyewe. Nyengine nilizijua papo hapo. Nyengine, hasa zile fupi, wazee wawili watatu wakizungumza pamoja juu ya bamvua na maji mafu, sikuweza kusema ni nani wala ni kijiji gani. Kompyuta isingeweza kunisaidia hapo. Nikazitia kwenye simu, nikazirudisha kwa wenyewe.

Shangazi yangu wa Wete, ambaye ameolewa kwa watu wa Kojani, alizitambua 8 kwa kusikiliza maneno ya mwanzo tu. Mmoja wa wale wazee alikwishafariki mwaka jana. Shangazi alimtambua kwa kikohozi, akataka nimchezee tena, akasikiliza akiwa ameinama, kisha akanitajia jina lake kamili na la baba yake ili niliandike vizuri.

Mzee wa Tumbe nilimwacha mwisho, kwa kuwa nilikuwa naona haya. Nilimkuta chini ya mwembe pamoja na fito zake. Nikamvisha vipokea sauti, nikamwekea dakika ya 11. Mvumo ulipoanza, aliutazama uso wangu, akauliza kwa sauti kubwa, kwa vile vipokea sauti vilimzuia kuisikia sauti yake mwenyewe: "Ilinyesha siku ile?"

Nikamwambia haikunyesha. Nikamweleza yote, ile nafasi, lile dirisha nililolifunga, na zile kurasa. Sijui alifahamu kiasi gani cha habari za diski, lakini aliisikiliza habari yote bila ya kunikatiza.

"Basi nilisema nini hapo?" akauliza.

Nilikuwa nimekwenda Tumbe nikitarajia kwamba hilo ataniambia yeye. Alirudia mara mbili, "unachukua ule ufito wa...", akasita palepale penye mvumo, akatikisa kichwa. Maneno hayakuja. Akaomba kisu, akauchagua ufito, akaupasua, akaanza kusuka mlango kwenye dema lililokuwa nusu mbele yake. Nikawasha kinasa.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Katika rekodi hiyo mpya panasikika ufito ukipindwa, ukilalamika kidogo, ukipita chini ya mwenzake, na upepo wa kusi katika majani ya mwembe. Kisha akauvuta mlango kwa vidole viwili, akauachia, ukarudi mahali pake.

"Na hapo," akasema, "hatoki tena."

Rekodi hiyo nimeiita mlango_wa_dema_2. Ipo katika diski mbili, moja kwangu na moja Wete kwa shangazi. Ile yenye mvumo ipo pembeni yake.